Seli: Zinavyozaliwa, kuongezeka na kuasi mwilini

MTOTO wa umri wa miaka mitano au sita anapovimba taya, wazo la kwanza la mzazi huwa ni jino. Mtoto atapewa maji ya chumvi asukutue, kisha dawa ya kutuliza maumivu, na jino likianza kulegea atapelekwa ling'olewe. Mara nyingi mzazi huwa hajakosea. Hata hivyo, katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria na katika ukanda wa Pwani, ambako malaria imeshamiri, uvimbe wa aina hiyo waweza kuwa kitu kingine kabisa: saratani ya Burkitt, ambayo seli zake zina uwezo wa kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili tu. Mzazi anayeamua kungoja wiki tatu ili aone kama uvimbe utapungua huwa anangojea kitu ambacho hakimngoji yeye.

Ili kuelewa ni kwa nini uvimbe waweza kukua kwa kasi hiyo, na ni kwa nini dawa zinazoutibu humnyonyoa mgonjwa nywele, yafaa kuanza mbali kidogo. Yafaa kujua jinsi seli za mwili wa binadamu zinavyoundwa na kuongezeka zinapokuwa katika hali yake ya kawaida.

Seli hutoka kwa seli

Seli ndicho kipande kidogo zaidi cha mwili chenye uhai wake. Jina hilo lilianzishwa na Mwingereza Robert Hooke mnamo 1665, alipokata kipande chembamba cha gome la mti linalotumiwa kutengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno lenye maana ya chumba kidogo. Alichokiona hasa zilikuwa kuta tupu. Wenyeji wa vyumba hivyo walikuwa wamekufa zamani.

Kwa karibu miaka 200 baada ya hapo, asili ya seli ilibakia kitendawili. Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann, ambao mnamo 1838 na 1839 walieleza kwamba mimea na wanyama wameundwa kwa seli, walidhani kuwa seli mpya huganda zenyewe kutoka kwa ugiligili, kama chumvi inavyoganda maji ya bahari yanapokauka katika mashamba ya chumvi kule Gongoni. Ni Robert Remak aliyeonyesha, kwa kuchunguza vifaranga wangali ndani ya yai, kwamba seli hujigawa. Naye Rudolf Virchow akaitangaza kanuni hiyo mnamo 1855: kila seli hutoka kwa seli nyingine. Kwa maneno mengine, hakuna seli mwilini isiyo na mama.

Mama wa zote ni seli moja. Yai la mwanamke hubeba kromosomu 23, yaani nyuzi zilizobeba maelekezo ya urithi, na mbegu ya mwanamume hubeba nyingine 23. Zikiungana, hupatikana seli moja yenye kromosomu 46. Baada ya takriban siku moja seli hiyo hugawanyika kuwa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Kufikia siku ya tano huwa kuna kitonge cha seli 100 hivi au zaidi, ingawa kwa ukubwa hakijalishinda sana yai lenyewe, kwa kuwa kila mgawanyiko hukata kilichokuwapo, mithili ya mkate unaokatwa vipande. Ndipo kitonge hicho hujipachika katika ukuta wa tumbo la uzazi na kuanza kupata chakula kutoka kwa mama. Wakati mwingine kitonge hujigawa mara mbili katika siku hizo za mwanzo, na hapo ndipo pacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili hutokea.

Mayai na mbegu za kiume zenyewe huundwa kwa mgawanyiko wa aina ya pekee, ambao huipunguza idadi ya kromosomu kuwa nusu. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai machanga baina ya milioni moja na mbili, wala hayaongezeki tena. Kwa hiyo, msomaji, yai lililokuzaa wewe lilianza kuundwa wakati mama yako alipokuwa angali tumboni mwa nyanya yako. Mwanamume naye huanza kuunda mbegu akibaleghe na huendelea hadi uzeeni, kila mbegu ikichukua zaidi ya miezi miwili kukomaa.

Seli inavyojigawa

Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna DNA, utepe mwembamba ajabu wenye maelekezo yote ya kuujenga mwili. Utepe wa seli moja ukinyooshwa hufikia urefu wa takriban mita mbili. Kabla ya kujigawa, seli hulazimika kukua, kukusanya malighafi na kuunakili utepe huo wote, herufi baada ya herufi, na herufi zenyewe ni bilioni sita hivi. Kwa seli ya binadamu inayojigawa kwa haraka, shughuli nzima huchukua karibu saa 24, na sehemu kubwa ya muda huo hupotelea katika maandalizi. Kujigawa kwenyewe huchukua takriban saa moja.

Katika saa hiyo, utepe hujikunja na kujisokota hadi kromosomu zikaonekana kwa hadubini, kila moja ikiwa imeshikana na nakala yake. Mjerumani Walther Flemming ndiye aliyezichora hatua hizo kwa makini katika kitabu chake cha 1882. Kromosomu hujipanga mstari mmoja katikati ya seli. Nyuzi nyembamba kutoka pande mbili zinazokabiliana huzishika, kisha huzivuta: nakala moja upande huu, ya pili upande ule. Hatimaye seli hubanwa kiunoni kama gunia linalofungwa kamba katikati, ikawa seli mbili. Nyuzi hizo za kuvutia tutazirudia baadaye, kwa kuwa kuna dawa mashuhuri inayozilenga.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hadi 1956 vitabu vilifundisha kuwa binadamu ana kromosomu 48. Wataalamu walizihesabu hivyo kwa zaidi ya miaka 30, kila mmoja akithibitisha hesabu ya mwenzake, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakifanya kazi Uswidi, walipopata njia bora ya kuzitandaza na kuona kwamba ni 46.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa seli zote zimetokana na moja na zina maelekezo yale yale, mbona ya ini si ya jicho? Jibu ni kwamba kila seli husoma kurasa zake tu na kuzifunga nyingine. Kadiri mimba inavyokua, seli hupokea ishara kutoka kwa jirani zake na kuchagua njia, na kwa kawaida seli iliyokwisha kuchagua hairudi nyuma. Zinazobakia bila kuchagua kikamilifu huitwa seli shina, na ndizo akiba ya mwili katika maisha yote.

Kiwanda cha damu

Si viungo vyote vinavyotumia akiba hiyo kwa kiwango kimoja. Utando wa ndani wa utumbo hufanywa upya kila baada ya siku chache. Ngozi ya juu huchukua mwezi mmoja hivi. Ini hukaa kimya, lakini likikatwa hata theluthi mbili huweza kukua tena likarudia ukubwa wake. Seli za ubongo, kwa sehemu kubwa, ni zile zile mtu alizozaliwa nazo. Kuhusu moyo, watafiti nchini Uswidi walionyesha mnamo 2009 kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia moja tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka. Walilibaini hilo kwa kupima kaboni iliyotawanywa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya hamsini na sitini, ambayo iliingia katika DNA ya kila aliyekuwa hai. Huenda hiyo ndiyo faida ya pekee iliyowahi kutokana na mabomu hayo.

Hata hivyo, hakuna mahali seli zinapozaliwa kwa wingi kama katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30 au zaidi, na nyingi mno kati ya hizo ni seli nyekundu za damu. Kila moja huishi siku 120 hivi, ikizunguka mwilini kusambaza hewa ya oksijeni, kisha huchakaa na kuondolewa katika wengu na ini. Ili kuziba pengo hilo, uboho huzalisha seli nyekundu zaidi ya milioni mbili kila sekunde. Katika muda uliotumia kusoma aya hii, umepata mamilioni kadhaa mapya.

Kiwanda hiki kina msimamizi, na msimamizi mwenyewe yumo katika figo. Figo zikihisi kwamba oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo erithropoetini, ambayo huamuru uboho uongeze kazi. Ndiyo maana mtu aliyepoteza figo huishiwa na damu hata akila vizuri. Ndiyo maana pia wanariadha hupiga kambi Iten, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na damu huongezeka yenyewe. Wapo waliotaka kufupisha njia kwa kujidunga homoni hiyo, na baadhi ya wakimbiaji wa Kenya wamewahi kupigwa marufuku kwa sababu hiyo. Licha ya kuwa ni udanganyifu, ni hatari kwa maisha: damu iliyojaa seli kupita kiasi huwa nzito, na damu nzito huganda.

Fauka ya hayo, kiwanda kinahitaji malighafi. Madini ya chuma huhitajika kuunda rangi nyekundu inayobeba oksijeni, nayo foliki, vitamini ipatikanayo katika mboga kama mchicha, kunde na sukuma wiki na pia katika maharagwe, huhitajika katika kuinakili DNA. Foliki ikikosekana, seli hukua lakini hushindwa kujigawa kwa wakati, zikawa kubwa na chache. Mama mjamzito hupewa tembe za chuma na foliki katika kliniki kwa ajili hiyo, na kuna sababu ya pili inayofanya muda kuwa muhimu: mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga mnamo wiki ya nne ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kwamba wamehimili. Anayepanga kupata mtoto yafaa aanze mapema.

Ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea zaidi magharibi mwa nchi na Pwani, huonyesha jinsi kiwanda kinavyoweza kuelemewa. Kosa la herufi moja tu katika jeni huzifanya seli nyekundu zikunjike kama mundu, na badala ya siku 120 huishi baina ya siku 10 na 20. Uboho hufanya kazi usiku na mchana bila kulipata pengo.

Kwa upande mwingine, mtu mwenye afya anayetoa damu hana la kuogopa. Anayochangia ni mililita 450 hivi. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na seli nyekundu hurejea taratibu kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza mwanamume apumzike angalau wiki 12 na mwanamke wiki 16 kabla ya kuchangia tena, na muda huo umezingatia kasi ya uboho na akiba ya chuma.

Amri ya kukoma

Tumezungumzia kuzaliwa. Lakini mwili unaojua kuzalisha tu usingedumu. Ukijikata kidole kwa kisu, seli za kingo za jeraha hupokea ishara, hujigawa na kusogea hadi zikutane. Zikigusana, hukoma. Zisingekoma, kidole kingeota kinundu kila mahali kilipowahi kukatwa.

Seli inapokaribia kujigawa hupita katika vituo vya ukaguzi. Je, imekua vya kutosha? DNA imenakiliwa yote? Ina kasoro? Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 2001 kwa kugundua vidhibiti vya safari hiyo. Mkaguzi mmoja maarufu ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mnamo 1979. Ikikuta kasoro, husimamisha kazi ili irekebishwe. Isiporekebishika, huiamuru seli ijiue.

Kifo hicho cha amri si ajali, ni sehemu ya ujenzi. Mtoto angali tumboni, vidole vyake huunganishwa na utando kama wa mguu wa bata, kisha seli za utando huo hufa kwa mpango, vidole vikaachana. Mtu mzima hupoteza mamia ya mabilioni ya seli kila siku kwa njia hiyo na nyinginezo, bila kuhisi lolote.

Isitoshe, seli nyingi za kawaida zina kikomo cha kujigawa. Mnamo 1961, Mmarekani Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabarani hujigawa mara 50 hivi, kisha huchoka. Sababu yake ni kwamba ncha za kromosomu hufupika kila mara DNA inaponakiliwa.

Zinapoasi

Saratani huanza seli moja inapopuuza amri hizo. Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Hulazimu makosa kadhaa yarundikane katika ukoo mmoja wa seli, na ndiyo maana saratani nyingi ni za wazee. Baadhi ya makosa hutokana na moshi wa sigara au miale ya jua, mengine ni bahati mbaya ya kunakili, na mengine husababishwa na virusi. Virusi vya HPV, kwa mfano, huwazuia wakaguzi tuliowataja kufanya kazi, na chanjo yake ilianza kutolewa kote nchini Kenya mnamo 2019 kwa wasichana wa miaka 10 ili kuwakinga dhidi ya saratani ya njia ya uzazi.

Ile ya taya, hata hivyo, ni ya watoto, na historia yake ni ya hapa kwetu. Mnamo 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba pande zote za taya. Muda si muda akamwona mwingine. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na mnamo 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari ya gari kuukuu, maelfu ya kilomita kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Walibaini kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua na kupotea katika nyanda za juu, sawa na malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara jijini London, na kati ya wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mnamo 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli hizo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi hivyo, ambavyo leo huitwa Epstein-Barr, vimo katika watu wazima wengi mno duniani, na wengi hawavijui wala havijawadhuru. Malaria inapomshambulia mtoto mara kwa mara, huzilazimisha seli nyeupe zinazounda kingamwili zijigawe kupita kawaida, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Kosa lenyewe linajulikana: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujibandika aghalabu kwenye kromosomu ya 14, karibu na mahali ambapo jeni za kingamwili husomwa bila kupumzika. Katika kipande hicho mna jeni iitwayo myc, ambayo kazi yake ni kuamuru seli ijigawe. Sasa amri hiyo hutolewa mfululizo, usiku na mchana.

Kasi hiyo ndiyo hatari ya ugonjwa na ndiyo pia udhaifu wake. Dawa nyingi za saratani hushambulia seli inapokuwa katika harakati za kujigawa, na seli za Burkitt karibu zote zimo mbioni. Katika miaka ya sitini, madaktari wa Kampala na Nairobi waliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache baada ya mtoto kupewa dawa, na baadhi ya watoto hao walipona kabisa, jambo lililokuwa nadra popote duniani wakati huo. Dawa mojawapo, vinkristini, hutokana na mmea wa maua ya waridi wenye asili ya Madagaska ambao hupandwa kama pambo la bustani. Huvuruga zile nyuzi zinazovuta kromosomu, seli ikakwama katikati ya kujigawa na kufa. Nyingine, methotreksati, huizuia seli kuitumia foliki.

Dawa hizi haziwezi kutofautisha seli iliyoasi na seli njema inayojigawa haraka. Mizizi ya nywele, utando wa kinywa na utumbo, na uboho, vyote vimo katika kundi hilo. Kwa hivyo mgonjwa hunyonyoka nywele, hutoka vidonda mdomoni, hutapika, na seli zake nyeupe hupungua hadi homa ndogo ikawa dharura. Wapo wazazi ambao wakiyaona hayo huamini kwamba dawa inamuua mtoto, wakamtoa wodini baada ya awamu ya kwanza au ya pili, uvimbe ukiwa umekwisha kunywea. Lakini uvimbe usioonekana si uvimbe uliokwisha. Seli chache zilizosalia zikiachwa zikijigawa kila siku moja au mbili, wiki chache zatosha kuurejesha.

Zile njema nazo huwa zinajigawa. Awamu za dawa hupangwa kwa kuachiana wiki mbili au tatu ili uboho upate nafasi ya kujaza damu upya kutoka kwa seli shina zake, na kipimo cha damu huchukuliwa kabla ya kila awamu kuthibitisha kwamba umefanya hivyo. Nywele huanza kuota miezi michache baada ya dozi ya mwisho.